Ng'ambo Isiyosomwa

Chura wa kwanza aliyekufa walimkuta juu ya jani la mgomba-mwitu, amelala chali, tumbo limepauka, miguu imenyooka kama ya mtu anayejinyoosha kabla ya kuamka. Alikuwa mdogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Zamoyoni Kobelo alimwinamia bila kumgusa. Maporomoko ya Lukwambe yalikuwa yakianguka mbele yake kwa kishindo, na manyunyu yake yalimlowesha nyusi, yakamtiririka hadi kidevuni. Hakujifuta.

"Huyu kafa jana," alisema.

"Labda uzee," alijibu Mkude kutoka juu ya mwamba, alikokuwa ameshika kamba iliyomfunga Zamoyoni kiunoni. "Hata chura anazeeka, dada."

"Nitafutie mwingine ndipo useme uzee."

Mkude alikuwa mtoto wa mjomba wake, mpanda miamba tangu utotoni, na kwa miaka mingi Zamoyoni hakuwa ameingia bonde lolote la milima ya Uluguru bila yeye kushika upande wa pili wa kamba. Akatafuta. Wa pili alimwona kwenye ufa wa jiwe, wa tatu chini ya maua ya rangi ya waridi yanayoota pale tu kwenye manyunyu. Alipofikia wa nne aliacha kuhesabu.

Zamoyoni alitoa kisomaji mkobani. Kilikuwa kitu cha mviringo, ukubwa wa kifuniko cha sufuria, uso wake wa kioo. Akakisogeza karibu na jani, kikavuta hewa kwa mlio mdogo kama wa mtu anayenusa, kisha maneno yakatokea: *Kuvu nyeupe. Ipo.*

Akayasoma, akakifuta kioo kwa kiganja, akayasoma tena.

Kuvu hiyo ilikuwa imemaliza vyura wa mito yote ya chini. Watu walisema haitafika Lukwambe, kwamba baridi ya huku juu itaizuia. Na Lukwambe ndipo mahali pekee duniani alipoishi chura wa manyunyu.

"Jike letu je?" aliuliza Mkude.

Kifuani Zamoyoni alikuwa amefunga kikasha kilichotandikwa majani mabichi, na ndani yake mlikuwa na jike mmoja mwenye mimba. Chura wa aina hii hatagi mayai. Huzaa watoto wenye miguu tayari, wadogo kama punje za ufuta, na ngozi ya tumbo la mama ni nyembamba hivi kwamba ukimwinua kwenye mwanga unawaona wamo, wamejikunja. Zamoyoni akafungua kifuniko kidogo. Jike alikuwa anapumua. Lakini kwenye paja la kushoto ngozi ilikuwa imeanza kubambuka, nyeupe, kama karatasi iliyolowa.

"Nivute juu," alisema. "Taratibu."

* * *

Kambini walimkuta Nkwabi Masanja ameshafika. Chombo cha angani cha Hazina hakikuwa na mahali pa kutua kati ya miti ile, kwa hiyo kilikuwa kimemshusha kwa waya na kwenda zake, na sasa alikuwa amekaa juu ya sanduku lake, anachomoa matawi kwenye nywele.

"Msukuma kashushwa kama ndoo kisimani," Mkude alisema kabla hata ya salamu. "Ng'ombe umemwachia nani, mtani?"

"Babu yako. Nilimkuta njiani ana njaa, nikamwajiri."

"Umlipe basi."

"Anakula sana. Tumeshamalizana."

Wakacheka, wakapeana mikono. Nkwabi alikuwa mtu mzima mwenye sauti ya upole, mtazamaji wa Hazina, ghala kuu linalotunza nakala za viumbe. Kazi yake ilikuwa kushuhudia usomaji wa mwisho wa kila bonde. Alipomgeukia Zamoyoni uso wake ulikuwa umeshabadilika.

"Shikamoo, mama Kobelo. Nimesikia kwenye redio taarifa yenu ya kuvu. Pole sana."

"Marahaba. Ahsante."

"Jike yu hai?"

Akamwonyesha. Nkwabi aliinama, mikono nyuma, kama watu wanavyomwangalia mtoto mchanga wa mwenzao.

"Atazaa leo?"

"Leo, kabla jua halijazama. Asipokufa kwanza."

"Basi tumewahi," alisema, akapumua.

Sheria ya Nakala ilikuwa fupi, hata watoto waliijua kwa moyo. Kiumbe ambaye nakala yake kamili imeingia Hazina, yaani dume, jike na kinda, wote wamesomwa wakiwa hai, huhesabiwa amesalimika, na hakuna ardhi itakayofungwa kwa ajili yake; asiyesomwa, bonde lake hubaki limefungwa, hata akionekana ametoweka. Bonde la Lukwambe lilikuwa na viumbe wasiopatikana kwingine kuliko bonde lolote la milima ile. Kinyonga wa pembe mbili alikuwemo, na sengi mwenye pua ndefu na mgongo mwekundu, na okidi inayochanua chini ya maji, na minyoo ambao hawakuwa hata na jina la kienyeji. Zamoyoni na wasomaji wa kabla yake walikuwa wamewasoma wote, mmoja baada ya mwingine, na kila aliyesomwa alikuwa kama nguzo iliyong'olewa kwenye uzio. Sasa uzio wote ulisimama kwa nguzo moja. Dume la chura wa manyunyu alishasomwa, jike naye. Kwenye kisomaji palibaki mstari mmoja: *Kinda: bado.*

Mstari huo ukijaa, bwawa lingejengwa. Lukwambe lingezama lote, na maji yangeteremka hadi mji wa bondeni, chini ya mlima, ambako visima vilikuwa vimegeuka chumvi na watu walikuwa wanahama mtaa kwa mtaa.

"Mama yangu nimemhamisha mara mbili kufuata maji," alisema Nkwabi, kana kwamba ameulizwa.

"Dada yangu anakaa hukohuko," Zamoyoni alijibu. "Najua."

Hakuwa na chuki na Hazina. Aliwahi kumsoma ndege mmoja mwenye kifua cha rangi ya chungwa, na mwaka uliofuata msitu wa ndege yule ukaungua wote. Bila kidole chake kwenye kioo cha kisomaji kuthibitisha usomaji, ndege yule asingekuwepo popote. Baadaye alikwenda Hazina kumwona. Walikuwa wengi, wametengenezwa kutoka kwenye nakala, wanene, manyoya yanang'aa. Hakuna aliyeimba. Kinda wa ndege yule hufunzwa wimbo na baba yake, na nakala haina baba. Zamoyoni alisimama mbele ya ukuta wa kioo mpaka mlinzi alipokuja kumwambia wanafunga, na alipotoka hakujua kama alikuwa na shukrani au majuto. Mpaka leo hakuwa amejua.

* * *

Alasiri Mkude aliteremka kwenye kivuko cha mto, chini ya njia, kuchukua mtungi wa dawa ya kuoshea, akarudi ametota jasho. Zamoyoni alikuwa amesimama kwenye beseni, anaosha buti. Kila aliyepanda Lukwambe aliosha buti pale, na mikono, na kamba, na vyombo. Amri hiyo aliiweka yeye mwenyewe tangu kuvu ilipoingia mito ya chini, na hakuna mtu aliyewahi kumwona akiivunja.

Mkude akatua mtungi, akaegemeza fimbo yake ya mwanzi kwenye mwamba, pamoja na fimbo nyingine zilizokuwa pale.

Njia ya Lukwambe ilikuwa na desturi yake. Mwinuko ni mkali na mawe yanateleza, kwa hiyo anayepanda huchukua fimbo kivukoni chini, akifika juu anaiacha pale mwambani, na anayeteremka anaichukua tena na kuiacha kivukoni. Wachimba dawa walifanya hivyo, warina asali, wasomaji. Ulikuwa wema mdogo usiohitaji kusemwa. Hata mgeni asiyejua lugha aliuelewa.

Zamoyoni alikuwa anafunga kamba za buti macho yake yalipotua kwenye ncha ya fimbo ya Mkude. Udongo wa huku juu ni mweusi. Ncha ile ilikuwa nyekundu.

Aliiangalia kwa muda. Kisha akaenda kuchukua kisomaji, akachuchumaa, akakisogeza kwenye ncha.

*Kuvu nyeupe. Ipo.*

Akajaribu fimbo ya pili. Ya tatu. Zote.

"Mkude," aliita, na sauti yake haikupanda. "Fimbo hizi zilishawahi kuoshwa?"

"Fimbo?" Mkude alikuwa anacheka bado na Nkwabi kuhusu jambo fulani la mahari. "Nani aoshe fimbo? Si za mtu." Alipomaliza kusema alikuwa ameshaelewa. Akaja, akasimama karibu naye, akaangalia kioo, akaangalia zile fimbo zilizoegemea mwamba ambao manyunyu yalikuwa yakiupiga usiku na mchana.

"Nimezikata mimi," alisema. "Nyingi ya hizi nimezikata kwa mkono wangu."

"Na mimi nimeziegemea nikipanda na nikishuka. Kaa chini."

"Dada, tumewaua sisi."

"Kaa chini kwanza. Nataka kufikiri."

Nkwabi alikuwa amewafikia. Alimsikiliza Mkude akimweleza, akatikisa kichwa polepole. "Basi ndivyo ilivyokuwa. Lakini haibadilishi kitu, au inabadilisha?"

Zamoyoni alikuwa amesimama, anaangalia juu kidogo ya vichwa vyao.

"Kama ingekuja na upepo ingekuwa kila mahali," alisema. "Imekuja na njia. Na njia inaishia hapa."

Wote wakageuka. Ng'ambo ya maporomoko, nyuma ya pazia la maji, kulikuwa na kitako kipana cha mwamba kilichofunikwa kijani kibichi: migomba-mwitu, maua ya rangi ya waridi, majani mafupi laini kama zulia yakimeta kwa manyunyu. Walikuwa wamekiona kila siku. Hakuna aliyewahi kukikanyaga. Ukuta wa kule ulisimama wima na maji yaliupiga kwa nguvu, na kila walichohitaji kusoma walikuwa wakikipata upande huu.

Upepo ulikuwa unatoka kule. Zamoyoni alitembea mpaka ukingoni, akakiosha kisomaji kwa dawa, akakifuta, akakiinua kwa mikono miwili. Kikanusa. Kikakawia. Mkude alikuwa amemshika mkanda kwa nyuma.

*Chura wa manyunyu: dalili. Kuvu: hakuna.*

* * *

"Dalili si chura," alisema Nkwabi. "Mama, wewe ndiye uliyetufundisha hivyo. Upepo wa hapa unazunguka. Hiyo inaweza kuwa harufu ya hawahawa wa upande huu, imekwenda ng'ambo ikarudi."

"Ingerudi na kuvu."

"Labda. Au labda imerudi ya juzi, kabla ya kuvu."

"Labda," Zamoyoni alikubali.

"Niende nikaangalie," alisema Mkude. Alishaanza kukunja kamba. "Napitia juu, nashuka kwa nyuma ya maji. Nitaumia kidogo, basi. Nikimwona hata mmoja tumepata jibu."

"Na kamba hiyo imelala wapi wiki nzima?"

Mkude akaiangalia kamba.

"Nitaichemsha."

"Nguo zako?"

"Nitazivua. Nipite uchi, mtani afunge macho."

"Na ngozi utaivua? Na nywele? Na kucha?" Akamshika begani. "Wewe ndiye njia, Mkude. Ukifika kule, njia imefika kule."

Mkude akaiweka kamba chini. Maisha yake yote Zamoyoni alikuwa amekwenda kuangalia. Alijifunza kazi hii bila mwalimu, kwa kulala kifudifudi kwenye majani na kuangalia, na jambo lolote lililobishaniwa, yeye alisema twende tukaone. Sasa mahali pekee alipotaka kuona palikuwa mbele yake, umbali wa kurusha jiwe, na hakuwa na ruhusa ya kwenda.

Kikasha kifuani kikacheza.

Akakifungua juu ya jiwe bapa, chini ya turubai. Jike alikuwa amejiinua kwenye miguu ya mbele. Ngozi ilikuwa imembambuka mpaka kiunoni. Akatetemeka, na kinda wa kwanza akatoka, akaanguka kwenye jani, akanyoosha mguu mwembamba kama uzi. Wa pili akafuata, na wengine, wakawa kikundi kidogo kinachometameta, kila mmoja na macho meusi mawili. Mama yao akalaza kidevu. Hakuinuka tena.

Kisomaji kilikuwa kimewaona. Kioo kikawaka rangi ya kijani, na katikati yake pakatokea duara ndogo ya kuwekea kidole gumba cha msomaji.

"Wamebaki na muda gani?" Nkwabi aliuliza.

"Ngozi yao ni laini, na wamegusa ngozi ya mama yenye kuvu. Mfupi. Mfupi sana."

"Basi weka kidole, mama."

Zamoyoni aliviweka viganja vyake magotini.

"Nikikiweka," alisema, "hawa watakufa hata hivyo, ila watakuwa wamesomwa. Bonde litazama, na wa ng'ambo watazama pamoja nalo."

"Kama wapo."

"Kama wapo."

"Na usipokiweka, na ng'ambo hakuna kitu, basi chura huyu kwisha. Si hapa, si Hazina, si popote. Atakuwa hajawahi kuwepo. Na watu bondeni wataendelea kununua maji kwa ndoo. Kwa ajili ya zulia la majani ambalo hujalikanyaga."

"Umesema sawa yote," alijibu.

"Basi?"

Kwenye jani makinda walikuwa wakitambaa, mmoja akampanda mwenzake, akateleza.

Nkwabi akapiga magoti mbele yake. Akamshika kifundo cha mkono, si kwa ukali, lakini vidole vyake vilikuwa na nguvu na vilizunguka mkono wote. "Nisamehe," alisema. Kioo hakikuhitaji ridhaa. Kilihitaji ngozi ya kidole tu, na wote watatu walilijua hilo. Akauinua mkono wa Zamoyoni, akausogeza kwenye kioo. Mkude alisimama ghafla, sufuria ikapinduka nyuma yake.

"Mtani," alisema Mkude. "Utani una mwisho."

Zamoyoni hakuvuta mkono. Alikuwa anamwangalia Nkwabi usoni, na kitu kilichomshangaza ni kwamba hakumwona mtu mbaya. Aliona mtu aliyembeba mama yake mgongoni kufuata maji. Kidole chake kilikuwa karibu na kioo kiasi cha kuhisi joto lake.

Mkono ukabaki palepale. Manyunyu yalikuwa yakigonga turubai.

Kisha Nkwabi akamwachia. Akaketi kitako kwenye matope.

"Siwezi," alisema. "Kidole ni chako. Na dhambi iwe yako."

"Iwe yangu," alisema Zamoyoni.

Aliwaangalia makinda. Alijilazimisha kuwaangalia wote, bila kugeuza uso, kwa sababu hakuna mtu mwingine ambaye angewaona tena. Wa mwisho alikuwa amefika pembeni mwa jani na kuweka mguu mmoja juu ya jiwe. Alikaa hivyo, na baada ya muda hapakuwa na tofauti kati yake na jiwe. Mwanga wa kijani kwenye kioo ukafifia, ukazimika. Mstari ukabaki vilevile: *Kinda: bado.*

Mkude alikuwa analia kimyakimya, amegeukia miti.

* * *

Mwito ulikuja mapema kuliko walivyotarajia. Nkwabi aliiangalia redio ikilia mkononi mwake, kama mtu aliyepewa mtoto wa mtu mwingine.

"Ni Bi Auleria," alisema. "Mwenyekiti wa kamati ya maji bondeni. Wamekusanyika wote pale ofisini tangu asubuhi."

"Utamwambia nini?"

"Ningeweza kumwambia walikufa tumboni. Hakuna atakayekusumbua. Utaendelea na kazi yako. Ukisema ukweli, Hazina watakunyang'anya kisomaji kesho. Na mjini usipite."

"Nipe mimi."

Akamwangalia kwanza, halafu akampa.

"Bi Auleria, shikamoo. Ni Zamoyoni Kobelo, msomaji."

"Marahaba, mwanangu." Nyuma ya sauti hiyo ya uzee kulisikika watu wengi, viti vikisogezwa, mtu akinyamazisha mwingine. "Tupe habari. Tuko hapa na mitungi yetu kama wajinga."

"Makinda walizaliwa hai. Ilikuwa juu yangu kuwasoma, na nimekataa. Wamekufa. Nadhani wako wengine ng'ambo ya maporomoko, lakini sijawaona, na siwezi kwenda kuwaona bila kuwaua. Kwa hiyo bonde la huku halitafunguliwa. Maji hayatakuja kutoka Lukwambe. Bwana Masanja na ndugu yangu hawakuhusika. Nimekataa mimi."

Kelele za ofisini zilikatika. Kwa muda alisikia pumzi tu za watu wengi kwenye chumba kimoja, watu wenye kiu, na dada yake labda mmoja wao. Halafu mtu akasema kitu kikali, mlango ukabamizwa, wengine wakaanza kusema kwa pamoja. Bi Auleria hakuwanyamazisha. Aliwaacha waseme. Zamoyoni aliendelea kushika redio sikioni, akisikiliza kila neno lililosikika, na hakuiweka chini.

Mwishowe sauti ya mama yule ilirudi, imechoka, karibu zaidi na chombo.

"Sijui nikujibu nini," alisema. "Leo usinitake nikusamehe."

"Sijaomba, mama."

"Vizuri. Mimi nimekaa chini ya mlima huo maisha yangu yote, na huyo chura sijamwona. Sasa nitakwenda kulala na kiu kwa ajili yake. Niambie basi. Anafananaje?"

Zamoyoni aligeuka, akaelekea ukingoni ambako upepo wa ng'ambo ulikuwa ukileta manyunyu. Kwa miaka yote hakuna aliyewahi kumwuliza hivyo. Watu waliuliza kama amesomwa.

"Ni mdogo," alianza. "Ukimweka kwenye ukucha wako, anaenea, na nafasi inabaki."

"Enhe," alisema Bi Auleria. "Endelea."